Chupa ya Vendel Kisimani

Etelka Barta alikuwa na ukucha mmoja usiofanana na mingine, wa kidole cha kati cha mkono wa kulia. Ulikuwa mnene na wa manjano, na hakuuficha hata kanisani. Kazi ndiyo iliyoufanya hivyo. Kila chupa iliyoingia karakana yake aliigonga kwa ukucha huo kabla ya kuijaza, akatega sikio. Ikilia vizuri, inajazwa. Ikilia vibaya, alitoka nayo nje hadi kwenye pipa la bati nyuma ya banda la farasi, akaivunja kwa nyundo, akarudi kazini. Hakuuliza chupa ni ya nani. Ndiyo ilikuwa sheria ya wajaza maji ya gesi wote wa upande wetu: mkono ulioishtukia chupa ndio unaoivunja, na unaivunja saa ileile, kabla mtu hajakuita kula.

Mimi ni Jusztina, jirani yake. Ua wangu na wake umetenganishwa na mstari wa maboga tu, na ulimi wangu haujawahi kuheshimu maboga. Nimemcheka Etelka maisha yangu yote. Watu wa Homokszeg, mji wetu, wanamkumbuka kama mama wa maji baridi, mwenye mkokoteni uliokuwa ukisikika toka mbali kwa kugonganagongana kwa chupa. Mimi namkumbuka zaidi kwa Jumapili moja.

Maji ya gesi kwetu si anasa. Kiangazi kikipamba moto huku uwandani, mchanga unaunguza nyayo na maji ya visima yanakuwa na ladha ya chuma, kila nyumba huweka mezani chupa ya Etelka. Ni chupa nene ya kioo, ya samawati au ya kijani, yenye kichwa cha bati na mkono wa kubinya. Ukibinya, maji yanaruka kwenye glasi yakitoa povu baridi linalochoma pua. Watoto wanawekewa sharubati ya rasiberi kidogo chini ya glasi. Mwenye tumbo zito anakatiwa limau na majani ya mnanaa. Wanaume wanachanganya na divai nyeupe, na glasi ya maji mengi na divai kidogo wanaiita hatua ndefu. Etelka aliwahimiza wote wapige hatua ndefu. "Mwili unataka maji, nyie walevi," alikuwa akiwafokea kutoka juu ya mkokoteni. "Hiyo divai ni ya kuupa maji jina tu!" Yeye aliyanywa matupu, hayana sukari wala kilevi, na uzeeni mwake bado alibeba kreti iliyojaa bila kusimama kupumua.

Lakini gesi iliyofungiwa ndani ya kioo haina urafiki. Chupa yenye ufa, ikipigwa jua kisha ikakutana na baridi, au ikitoka baridini ikakutana na jua, inaweza kupasuka, na vipande vyake havichagui wa kumchoma. Vendel, mume wa Etelka, alipasukiwa na chupa wakiwa bado katika mwaka wa kwanza wa ndoa. Jicho la kushoto likaenda. Etelka ndiye aliyemtoa vioo usoni, kimoja kimoja, kwenye meza ya jikoni, huku Vendel akimwambia asilie kwa sababu machozi yanamzuia kuona vizuri. Tangu siku hiyo Etelka alifanya kazi kwa woga. Alivaa aproni ya ngozi, glavu na kinyago cha wavu wa chuma hata siku ambazo kuku walikuwa wanazimia kwa joto.

"Unaenda vitani, shoga?" nilikuwa namuuliza juu ya maboga.

"Ndiyo," alinijibu kila mara. "Na nitarudi na macho yangu mawili."

Vendel mwenyewe hakuuawa na kioo. Alikufa kitandani kwa kifua, mwanawe Gergő akiwa tayari kijana wa kuoa. Akaacha karakana, farasi, na chupa moja.

Hiyo chupa moja ina maelezo yake. Kwetu jina la mwenye karakana hukatwa kwenye kioo chenyewe. Chupa zinatembea, nyumba hadi nyumba, karakana hadi karakana, zinapotea, zinavunjika. Chupa za Vendel ziliisha hivyo hivyo mpaka ikabaki moja, ya samawati, yenye herufi nyeupe za kukwaruza: BARTA VENDEL, HOMOKSZEG. Etelka aliitoa kichwa, akaiweka kwenye dirisha la jikoni, akawa anachomeka maua ndani yake. Hakuna aliyeona ajabu. Mjane na maua yake, tulisema, tukaendelea na mambo yetu.

Jumapili ninayoisema ilikuwa sikukuu ya jina la Magdolna, yaani siku ya mtakatifu ambaye jina lake analo, mwezi wa saba. Magdolna ni mama mkwe wa Gergő. Yeye na mumewe Kálmán walikaa shambani, katikati ya mizabibu, mbali na mji kwa mwendo wa mkokoteni. Gergő, mkewe na binti yao Tercsi, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, walichukuliwa asubuhi na gari la Kálmán. Mimi na Etelka tulikuwa tuwafuate baada ya misa, na kreti za maji ya gesi zilizofunikwa magunia yenye unyevu. Nilikwishapanda, nimeshika mwavuli wangu, farasi anapiga kwato kwa kuchoka na nzi. Etelka aliingia jikoni kuchukua keki ya mbegu za mpopi. Hakutoka.

"Wee Etelka!" niliita. "Hiyo keki unaioka upya?"

Nikashuka nikinung'unika, nikaingia. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha. Maua yake yalikuwepo, yamepangwa vizuri, ndani ya gudulia la jamu. Kando ya gudulia kulikuwa na duara safi kwenye vumbi la dirisha, mahali ilipokaa chupa.

"Gergő ameichukua," alisema.

"Amechukua nini?"

"Chupa ya baba yake. Atakuwa ameijaza."

"Basi si afadhali? Mwaka jana Kálmán alimdhalilisha mbele ya watu wote, au umesahau? 'Mkwe wangu ananiletea maji kwenye chupa zenye majina ya watu baki, nyumba yenu haina jina?' Watu walicheka mpaka padri akacheka. Kijana amekwenda na jina la baba yake. Mwache atambe kidogo, masikini."

Akanigeukia. Nimemfahamu mwanamke huyu tangu tukiwa wasichana wa kuchuma cheri, na sikuwahi kumwona na uso ule, hata siku ya jicho la Vendel.

"Jusztina," alisema, "ile chupa ina ufa."

Simu ya mji ilikuwa moja, posta, na posta Jumapili imefungwa, na shambani kwa Kálmán hakukuwa na simu hata ya kuota. Tukaacha keki mezani. Tukapanda.

Njia ya shambani ni mchanga mtupu. Farasi wake, Bársony, alikuwa mzee na mwenye maoni yake, na Etelka aliyekuwa hajawahi kumpiga alimcharaza hatamu mgongoni mpaka mimi nikamwonea huruma mnyama. Nyuma yetu chupa zilikuwa zikigongana ndani ya kreti, na kila zikigongana yeye alikuwa akikaza mabega.

"Uliujua lini?" nilimuuliza.

"Wiki ya matanga ya Vendel. Niliigonga kwenye sinki la jiwe nikiwa naosha. Kidogo tu, Jusztina, mguso. Nikaipiga ukucha. Ikalia vibaya."

"Na hukuivunja."

"Nilitoka nayo mpaka kwenye pipa. Nyundo ninayo mkononi. Nikasoma jina." Akafuta jasho kwa kiwiko. "Nikajiambia, chupa isiyo na kichwa haijazwi. Nitaitoa kichwa, nitaiwekea maua, itakuwa gudulia tu. Nani atajaza gudulia?"

"Gergő hakujua?"

"Ningemwambiaje? Mimi niliyempiga kofi kwa kuchelewesha kuvunja chupa ya watu? Nimwambie ya baba yake nimeificha dirishani? Ufa niliugeuzia nje." Sauti yake ikapanda. "Vichwa vipya vimejaa rafuni. Amechukua kimoja, amekifunga, basi. Hata hakuigonga. Alifikiri nimeitunza kwa sababu ni nzima!"

"Lakini imejazwa na haikupasuka, shoga. Labda..."

"Usiniambie labda. Kioo kinavumilia, kinavumilia, mpaka kinapokataa. Na unajua nani atakayeibinya wa kwanza?"

Nilijua. Kila sikukuu Tercsi ndiye aliyebinya chupa ya kwanza. Alikuwa anaikumbatia kifuani kwa sababu ni nzito, kidevu juu ya kichwa cha bati, na kubinya kwa mikono yote miwili huku akichungulia glasi kwa karibu ili aone sharubati ikipanda. Uso wake mzima ulikuwa juu ya kioo. Tulikuwa tukiliona ni jambo la kupendeza sana.

Nilianza kusali, na mimi si mtu wa kusali njiani. Jua lilikuwa limesimama juu ya utosi, mizabibu imelegea pande zote mbili, hakuna ndege. Paa la nyumba ya Kálmán lilikuwa limekwisha kuonekana nyuma ya miti ya aprikoti.

Ndipo tuliposikia mshindo.

Mmoja, mkavu, kutoka upande wa nyumba. Etelka aliachia hatamu. Hakulia, hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo kama ya mtu aliyekanyagwa mguu, akaegemea begani kwangu, nami nikamshika kiuno asidondoke. Farasi akasimama. Tukasikia watoto wakipiga mayowe. Nilitega sikio kujaribu kujua kama ni mayowe ya kulia au ya kucheka, na naapa kwa mbali mayowe hayo hayana tofauti.

Mshindo wa pili ukalia, na kundi la ndege weusi likaruka juu ya shamba. Ilikuwa bunduki ya kufukuzia ndege. Mtu alikuwa akifukuza ndege wa zabibu siku ya sikukuu, Mungu amsamehe, mimi bado sijamsamehe.

"Endesha," nilimwambia Etelka. Mikono yake haikuweza. Nikashika hatamu mimi.

Tulipoingia uani meza ndefu ilikuwa chini ya mti wa mlozi, nyama inachemka kwenye chungu cha kuning'inia, wanaume wamefungua vifungo vya shati. Kálmán, mtu mnene mwenye masharubu ya kujivunia, alisimama na glasi yake.

"Haya, wamefika! Mkwe wangu Etelka na msemaji wake! Jusztina, shuka taratibu, mkokoteni usije ukapinduka."

Etelka alikuwa ameshashuka. Alipita mezani akitazama chupa moja moja. Zote zilikuwa za kawaida.

"Iko wapi chupa ya Vendel?"

"Ooh!" Kálmán akawageukia wageni. "Mnasikia? Hata salamu hakuna. Amekuja kunyang'anya chupa! Mkwe, tulia, hatuiibi. Mwaka huu mmeleta jina, nami nimelipa heshima. Iko mahali pazuri kuliko sisi wote. Iko kisimani, inapoa."

Kwetu kila mtu hufanya hivyo. Chupa ya heshima haiwekwi kwenye beseni la barafu na zile nyingine. Inateremshwa kisimani ndani ya ndoo, ikae kwenye ubaridi wa ardhini mpaka wakati wa kumtakia mwenye jina afya njema. Chupa ilikuwa imesafiri njia nzima juani, kisha ikazamishwa kwenye maji baridi kama hayo. Na sasa ingetolewa tena juani.

Nikatazama kisimani. Tercsi alikuwa amekaa juu ya ukingo wa matofali, miguu inaning'inia upande wa nje, gauni lake jeupe la sikukuu limekwishapata rasiberi kifuani. Kwa mkono mmoja ameushika mnyororo.

"Bibi!" akaita. "Mimi ndiye mlinzi! Babu Kálmán kasema nikihesabu mpaka nichoke tutaivuta!"

Etelka alitembea. Hakukimbia, na baadaye aliniambia aliogopa kukimbia kwa sababu mtoto angeruka kumpokea na mnyororo ungetikisika. Alitembea huku akitabasamu tabasamu baya sana, akafika, akambeba Tercsi kwa kiuno, akambandua vidole vyake kutoka kwenye mnyororo kimoja kimoja, akageuka akampa Gergő aliyekuwa amemfuata.

"Mpeleke nyuma ya nyumba. Watoto wote. Sasa hivi."

"Mama, una nini?"

"Nimesema sasa hivi!"

Magdolna, mwenye sikukuu yake, alisimama na kijiko cha mchuzi mkononi bila kujua akiweke wapi. Kálmán alikuwa bado anacheka, lakini nusu.

"Wee mkwe, jua limekupiga? Mwanamke aliyekunywa maji ya gesi maisha yake yote leo anayaogopa?"

"Ina ufa," Etelka alisema. Sauti yake haikuwa kubwa lakini kila mtu aliisikia. "Chupa ina ufa chini ya jina, na mimi niliujua tangu matanga. Sikuivunja. Nilitakiwa kuivunja, sikuivunja, kwa sababu ya jina. Na sasa iko kisimani mwenu na mtoto alikuwa amekaa juu yake. Mmeridhika? Nendeni nyuma ya nyumba."

Gergő alikuwa mweupe kama unga. "Niliijaza leo asubuhi," alisema. "Niliona joto, mama. Sikuvaa kinyago."

Nilimwona Etelka akiyapokea maneno hayo. Alifumba macho, akayafumbua, akamtazama mwanawe usoni pote, kwenye macho hasa, lile la kulia na lile la kushoto.

"Kata mnyororo basi," nilisema mimi, kwa kutaka kusaidia. "Ipasukie huko huko."

"Kisima changu?" Kálmán akaruka. "Tunywe vioo mpaka Krismasi? Ng'ombe wanywe vioo? Jusztina, rudi kwenye mkokoteni!"

"Hakati mtu mnyororo," Etelka alisema. "Kálmán, lile koti lako la ngozi ya kondoo bado unalo?"

"La kipupwe? Mwezi wa saba?"

"Lilete. Lilete, ndugu yangu, nakuomba."

Kálmán akamtazama, na nafikiri hapo ndipo kicheko kilipomkauka mwili mzima. Akaingia ndani, akatoka na lile koti zito lenye harufu ya zizi, analolivaa usiku wa theluji. Gergő alinyoosha mkono kulichukua.

"Nitavuta mimi."

"Una mtoto."

"Na wewe una mimi, mama. Niache."

"Gergő." Alimshika kidevu mbele ya watu, mwanaume mwenye ndevu. "Mkono ulioishtukia ndio unaoivunja. Nilikufundisha hivyo au sikukufundisha? Basi ondoka niwahi."

Tukaenda. Wengine walikwenda nyuma ya nyumba. Mimi niliishia nyuma ya tanuri la mkate uani, kwa sababu, niseme ukweli, sikuweza kutomtazama. Nilichungulia kwa jicho moja. Mwanamke mfupi ndani ya koti la kondoo lililoburuza chini, manyoya nje, kola imeinuliwa mpaka machoni, jua linawaka. Siku nyingine ningecheka mpaka nilie.

Alianza kuzungusha gurudumu. Lilikuwa halijatiwa mafuta na lililia kila mzunguko. Mnyororo ukapanda taratibu, na kadiri ulivyopanda ndivyo alivyozidi kupunguza mwendo. Mara moja ndoo iligusa ukuta wa kisima. Nilisikia kioo kikigonga bati. Etelka aliganda. Mimi niliuma mkono wangu, na alama ninayo.

Ndoo ikatokea. Ilikuwa imejaa maji, na juu ya maji kichwa cha bati kiking'aa. Alijua asiitoe chupa kwenye maji yake. Alirusha gunia lenye unyevu juu ya ndoo, akaishika kwa mikono miwili, akaiegemeza tumboni, akaanza kutembea kuelekea mizabibu. Maji yalikuwa yakimwagika kwenye koti. Alikuwa anaongea. Nilidhani anasali, lakini upepo ulipoleta maneno nilisikia anamsema Vendel. "Tulia, mzee," alikuwa akisema. "Tulia kidogo tu. Hukuwa na haraka maisha yako yote, leo ndiyo unataka haraka?"

Alipofika mwisho wa mstari wa kwanza aliweka ndoo chini, akapiga magoti, akavua koti, akalifunika juu ya ndoo na juu ya mikono yake. Akageuza uso pembeni. Akabinya.

Tulisikia mfoko. Ulikuwa mrefu, wa hasira, na chini ya ngozi ile ulisikika kama mtu anayekoroma. Povu likatoka pembeni ya koti, likaingia mchangani. Ukaendelea, ukaendelea, mpaka nikadhani chupa ile haina mwisho. Kisha ukapungua. Ukakohoa. Ukakata.

Etelka alibaki amepiga magoti muda mrefu. Ndipo akaitoa, akafungua kichwa cha bati, akakitupa, akainuka akiishika chupa kwa shingo. Watu walianza kutoka nyuma ya nyumba. Mjomba mmoja wa Magdolna, ambaye alikuwa amekunywa hatua fupi nyingi, akapiga makofi.

"Nzima kabisa! Tumekimbizwa kama kuku kwa chupa nzima! Etelka, umetuharibia mlo, mama!"

Baadhi wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa na hofu. Kálmán hakucheka, lakini alisema kwa upole, "Mkwe, mbona mimi sioni ufa wowote?"

Etelka alikwenda mezani, akamimina sharubati ya rasiberi kwenye kitambaa, akaipaka chupa juu ya jina, akasugua kwa ile ncha ya ukucha wake, kisha akafuta kwa upande mkavu. Herufi za Vendel zikabaki nyekundu. Na kutoka kwenye herufi ya mwisho ulishuka mstari mwembamba, mwekundu, ukapinda, ukaizunguka chupa nyuma, ukarudi mbele karibu kukutana na ulipoanzia. Akamshikisha Kálmán.

Kálmán aliigeuza mara moja. Akaiweka mezani kwa mikono miwili, akavua kofia. Yule mjomba akakaa.

"Alikuwa ananihesabia," Kálmán alisema, akitazama kisimani. "Nilimwambia ahesabu mpaka achoke. Alikuwa ameshafika mbali."

Gergő aliichukua chupa, akasoma jina, akalipitishia kidole. "Sasa haina gesi, mama," alisema. "Haimdhuru mtu. Tunaweza kuirudisha dirishani. Nimeshajua, sitaigusa tena."

Nilimtazama Etelka nikifikiri atakubali. Mimi ningekubali. Ilikuwa ya mwisho, na dirisha lile bila samawati ile lilikuwa dirisha tu. Yeye mwenyewe aliitazama sana. Akanyoosha mkono, Gergő akampa. Akaigonga kwa ukucha mara moja, akatega sikio, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi. Hata mimi nilisikia ilivyolia vibaya. Akaifunga kwenye gunia, akaomba nyundo, akaenda mwenyewe nyuma ya zizi. Tulisikia pigo moja. Aliporudi alikuwa anakunja gunia kwa uangalifu, kipande kisitoke.

"Basi," alisema. "Naomba kiti."

Akakaa. Hapo ndipo mwili ulipoanza kumtetemeka, magoti, mikono, mpaka meno. Magdolna alimfunika shuka, katika joto lile. Nyama ikapakuliwa na hakuna aliyeigusa kwa muda. Mwishoni Kálmán mwenyewe alileta chupa moja kutoka kwenye beseni la barafu, mpya, ya kijani, akaiweka mbele ya Etelka na kusema aipige ukucha kwanza. Akaipiga. Ikalia vizuri. Akaipiga tena. Ikalia vizuri. Akaipiga mara ya tatu, na hakuna aliyemcheka, hata mimi.

Tercsi alikuwa amekuja, amesimama kando ya goti la bibi yake, amenuna kwa sababu hakuambiwa kitu na kisima kimefunikwa. Glasi yake ilikuwa tayari na sharubati chini.

"Mimi ndiye ninayebinya," alisema. "Mlisema."

Kila mtu alimtazama Etelka. Nilidhani atakataa. Akamvuta mtoto katikati ya magoti yake, akamweka mikono miwili juu ya mkono wa chupa, akazungusha mkono wake mwenyewe kutoka nyuma, ule wenye ukucha wa manjano, akamfunika macho yote mawili kwa kiganja. Kiganja kilikuwa kinatetemeka juu ya uso wa mtoto, na Tercsi akaanza kucheka kwa sababu kilikuwa kinamtekenya.

"Bibi, sioni kitu!"

"Najua," Etelka alisema. "Wewe binya tu."